FPL: Uongo unaoenea kuhusu wachezaji wa bei ya kati

FPL ni Fantasy Premier League, mchezo wa mtandaoni ambapo unaunda kikosi cha wachezaji wa Ligi Kuu ya England na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani. Kila Ijumaa, saa chache kabla ya muda wa mwisho wa kubadilisha kikosi, watu wa ligi yetu ndogo hunitumia vikosi vyao niwakagulie. Swali ni lile lile: "Kaka, huyu wa 6.5 kafunga mawili wikendi iliyopita, si nimchukue kabla hajapanda bei?" Nimeshajibu vya kutosha mmoja mmoja. Leo najibu wote pamoja.

Nianze na hiyo bei, ambayo ni mamilioni ya pesa za mchezo. Ukimnunua mtu kwa 6.0 akapanda hadi 6.2, ukimuuza unapata 6.1. Nusu ya faida tu ndiyo yako. Akipanda mara moja akafika 6.1, ukiuza unarudishiwa 6.0 ile ile uliyotoa. Halafu mtu anakubali kukatwa pointi 4 kwa uhamisho wa ziada, yaani kubadilisha mchezaji zaidi ya nafasi zake za bure, ili awahi kupanda huko! Pointi 4 ndizo anazopata mchezaji kwa kucheza mechi mbili nzima bila kufunga wala kutoa pasi ya bao. Umezitupa kwa senti ambayo hata mfukoni haijaingia.

Sasa mabao yenyewe. Yale mawili ya Jumamosi yameshalipwa kwa waliokuwa naye Jumamosi. Wewe unanunua mechi tano au sita zijazo, kwa hiyo ya kuuliza ni mengine. Anamaliza dakika 90 au anatolewa ya 65? Mashuti yake yanatoka ndani ya boksi au anabahatisha kutoka mita 25? Na kubwa kuliko yote, nani anashika mpira penalti ikitolewa?

Cole Palmer alianza msimu wa 2023/24 akiwa na bei ya 5.0. Bao lake la kwanza Chelsea lilikuwa penalti ugenini kwa Burnley mwezi Oktoba, na mechi iliyofuata akafunga nyingine dhidi ya Arsenal. Wengi walisema "penalti tu hizo" wakampita. Mimi penalti ndizo ninazozitafuta kwa mchezaji wa bei hiyo, kwa sababu zinakuja hata siku ambayo timu inacheza vibaya. Alimaliza na mabao 22, tisa yakiwa ya penalti, na pointi 244. Kama uliangalia Chelsea ikiipiga Everton 6-0 Aprili 2024, utakumbuka Madueke na Jackson waking'ang'ania mpira wa penalti hadi nahodha Gallagher akaunyakua na kumkabidhi Palmer, ambaye tayari alikuwa na mabao matatu. Tukio kama hilo linakuambia mengi kuhusu mchezaji kuliko jedwali lolote la pointi za wiki iliyopita.

Bryan Mbeumo ni habari hiyo hiyo. Ivan Toney alipouzwa Saudia Agosti 2024, penalti za Brentford zikawa za Mbeumo. Bei yake ya kuanzia ilikuwa 7.0, na mchezo ulimsajili kama kiungo ingawa alicheza mbele, kwa hiyo kila bao lilimpa pointi 5 badala ya 4 za fowadi. Alimaliza na mabao 20. Hakukuwa na siri. Dalili zote zilionekana mapema.

Dhana ya pili: wa 6.5 kutoka klabu kubwa ni salama kuliko wa 6.5 kutoka klabu ndogo. Mara nyingi ni kinyume. Klabu kubwa ikimpa mtu bei ya kati, kwa kawaida ni kwa sababu namba hana. Palmer huyo huyo, Agosti 2023, aliifungia Manchester City kwenye Ngao ya Jamii na tena kwenye Super Cup ya Ulaya, na bado akaondoka kwenda kutafuta dakika. Angebaki City, 5.0 yako ingekuwa inakaa benchi. Chris Wood alikuwa wa 6.0 pale Nottingham Forest msimu wa 2024/25. Alianza karibu kila mechi akafunga mabao 20.

Wapo wanaosema weka mastaa watatu wa bei ghali, waliobaki wawe wa 4.5, wa kati ni kupoteza pesa. Milioni 100 zinagawanywa kwa watu 15, na anayecheza ni 11. Staa mmoja akiumia, unaingiza nani? Sijui kwa nini hili bado linabishaniwa.

Na "kiungo mkabaji hana pointi" ilikuwa kweli zamani. Tangu msimu wa 2025/26, kiungo akifikisha jumla ya 12 kwa kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi, kukaba na kuokota mipira, anapata pointi 2. Beki anahitaji 10, ila kuokota mipira kwake hakuhesabiwi. Beki wa kati wa timu inayoshambuliwa dakika zote anaweza kukupa pointi hizo hata akifungwa.

Uhamisho wa bure sasa unaweza kuuweka akiba hadi mitano. Kwa hiyo wikendi hii, kabla hujabonyeza, mtazame huyo mchezaji mechi moja nzima, si video ya mabao. Hesabu mara anazogusa mpira ndani ya boksi. Kama hagusi, mwache, hata kama kafunga mawili.