Mileti ni nini, na kwa nini takwimu za zamani za Kruševo hazipatani

Kruševo ni mji mdogo wa milimani huko Masedonia Kaskazini, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Maandishi ya miaka ya mwisho ya utawala wa Waturuki yanawataja wakazi wake wengi kuwa Wagiriki. Ukifungua sensa za siku hizi, unakuta Wamasedonia na Waaromani, na Wagiriki hata hawatajwi. Msomaji anaweza kudhani kuna watu waliofukuzwa wote. Sivyo. Kilichobadilika zaidi ni swali waliloulizwa.

Mileti ilikuwa jumuiya ya kidini ndani ya Dola ya Uthmaniya. Serikali ya Istanbul haikuwapanga raia wake kwa lugha wanayozungumza nyumbani, bali kwa dini na kanisa. Wayahudi walikuwa na jumuiya yao, Waarmenia yao, na Wakristo Waothodoksi waliwekwa chini ya Patriaki wa Konstantinopoli, mkuu wa kanisa lao, katika mileti iliyoitwa Rum. Ndoa, mirathi na shule vilisimamiwa na viongozi wa dini. Kwa hiyo mileti haikuwa kabila, wala haikuwa taifa kama tunavyolielewa leo.

Sasa watazame Waaromani, ambao majirani zao huwaita Wavlahi. Lugha yao imetokana na Kilatini, ni ndugu wa Kiromania. Wengi wao walifika Kruševo wakikimbia Moscopole, mji wa biashara katika Albania ya leo, uliovamiwa na kuporwa mwaka 1769 na tena 1788. Walikuja na ufundi na biashara zao, na kijiji kikakua kuwa mji. Lakini kanisani walisali kwa Kigiriki, na watoto wao walisoma Kigiriki. Kwenye daftari la serikali walikuwa Rum, na wageni waliopita waliandika “Wagiriki” kana kwamba mambo yameisha hapo.

Waslavu wa mji huo, ambao wazao wao wengi leo hujiita Wamasedonia, nao hawakusalimika. Mwaka 1870 Sultani aliruhusu kanisa la Kibulgaria, yaani Eksarkati. Aliyejiunga nalo alihesabiwa Mbulgaria. Aliyebaki kwa Patriaki aliendelea kuwa Rum, hata kama wote wawili walizungumza lugha moja. Waaromani walipata kutambuliwa kama mileti yao wenyewe mwaka 1905 tu.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo uasi wa Agosti 1903 dhidi ya utawala wa Sultani unapoeleweka vizuri. Waasi waliuteka mji na kutangaza Jamhuri ya Kruševo, iliyodumu kwa takriban siku kumi. Kiongozi wake alikuwa Nikola Karev, mwalimu na msoshalisti. Mmoja wa makamanda mashuhuri, Pitu Guli, alikuwa Mwaromani, na alikufa vitani pale Mečkin Kamen, mahali karibu na mji. Jeshi la Sultani liliporudi, mji uliporwa na kuchomwa, na mitaa ya Waaromani iliumia vibaya. Watu ambao daftari liliwagawa kwa makanisa walipigana bega kwa bega, na hilo huwezi kuliona katika takwimu yoyote ya wakati ule.

Utawala wa Uthmaniya uliondoka 1912, na mileti ikaondoka nao. Sensa za leo humwacha mtu ajitaje mwenyewe. Ila kuna jambo jingine la kuangalia: ile ya 2002 ilihesabu watu 5,330 katika mji wenyewe na 9,684 katika manispaa nzima, pamoja na vijiji vyenye Waalbania wengi. Ukichanganya hesabu hizo mbili, uwiano wa Waaromani, ambao wengi wanaishi mjini, unapungua karibu nusu. Kufikia 2021 manispaa ilikuwa imebaki na watu 8,385. Kiaromani kina hadhi rasmi humo, jambo ambalo mfumo wa zamani usingeliwazia, kwa kuwa lugha haikuwa kitu kilichohesabiwa.