Shilingi 112 zilizofichwa ndani ya kila simu

Ripoti ya robo mwaka ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ikitoka, magazeti hukimbilia namba moja: laini za simu zimefika milioni ngapi. Mimi huanzia kwenye jedwali lisilo na mvuto wowote, lile linalotenganisha dakika za maongezi ya ndani ya mtandao mmoja na dakika zilizovuka kwenda mtandao mwingine. Ni ugonjwa wa kazi. Nimekaa muda mrefu kwenye hesabu za mwingiliano, yaani kukokotoa nani anamdai nani pale mteja wa huku anapompigia mteja wa kule. Ukiitazama sekta ya simu Tanzania ukiwa upande huo wa meza, unaona jambo ambalo matangazo ya vifurushi hayalisemi: imepiga hatua kubwa zaidi kila mara kampuni zilipobanwa, au zilipogundua zenyewe kwamba inalipa, kuacha kujifungia.

Mwanzo wake nitaupitia haraka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la posta na simu lilikwenda nayo. Tanzania ikaunda Shirika la Posta na Simu, chombo kimoja kilichotoa huduma na wakati huohuo kujisimamia chenyewe. Hadi katikati ya miaka ya tisini tulikuwa na chini ya simu moja ya mezani kwa kila watu 100, na kuomba laini ya nyumbani kulikuwa ni kujiandikisha kwenye foleni usiyojua mwisho wake. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1993 ikalipasua shirika hilo: posta ikaenda kivyake, simu zikawa TTCL, usimamizi ukapewa Tume ya Mawasiliano. Mwaka 1994 Mobitel ikawasha mtandao wa kwanza wa simu za mkononi. Ndiyo hiyohiyo iliyokuja kuitwa Buzz, kisha Tigo, na tangu mwishoni mwa 2024 Yas. Vodacom ikaingia mwaka 2000, Celtel mwaka 2001 (ikapitia Zain hadi kuwa Airtel), na Zanzibar ikapata Zantel.

Miaka ile simu ya mkononi ilikuwa ya wenye kipato cha uhakika, na wengi wetu tulidhani itabaki hivyo. Kilichogeuza mambo ni vocha ya kukwangua. Kumpa mtu simu ya kulipia mwisho wa mwezi kunahitaji anwani, mshahara unaojulikana, na njia ya kumfuata asipolipa. Vocha inafuta yote hayo: kampuni inalipwa kwanza, mteja anatumia baadaye, na muuza duka wa mtaani anageuka kuwa wakala wa mauzo bila mkataba wowote. Ila vocha ilikuja na bei kali kwa dakika, na wananchi wakaijibu kwa kubipu. Kwa kampuni, kubipu ni hasara tupu: mitambo inafanya karibu kazi yote ya kuunganisha simu, halafu hakuna senti inayoingia.

Sasa, kwa nini dakika ilikuwa ghali? Kodi zilikuwamo, mafuta ya jenereta yalikuwamo. Lakini kulikuwa na kitu kingine ambacho mteja hakukiona kwenye salio lake.

Chukua simu moja ya dakika moja. Mteja wa mtandao wa kwanza yuko Kariakoo, anampigia mteja wa mtandao wa pili aliyeko Sumbawanga. Mtambo wa kwanza unaisukuma simu hiyo hadi mlangoni kwa mwenzake. Kuanzia hapo ni kazi ya mtandao wa pili: kutafuta simu ile iko chini ya mnara gani, kuiita, na kuibeba sauti hadi mwisho. Kwa kazi hiyo mtandao wa pili unautoza wa kwanza. Tatizo ni kwamba hakuna njia mbadala ya kumfikia yule mtu wa Sumbawanga. Hata mtandao mdogo kuliko yote nchini, ukija kwenye wateja wake wenyewe, ni mlango pekee. Ukiiacha kila kampuni ipange bei ya mlango wake, itapanga juu, na ndiyo maana msimamizi huingilia kati hata katika nchi zinazosifia soko huria.

Kila upande hurekodi simu hizo kivyake, na mwisho wa mwezi tunakaa kulinganisha. Hapo ndipo utaona watu wazima wakigombania sekunde. Saa za mitambo hazilingani. Mmoja anahesabu tangu simu ilipoanza kuita, mwingine tangu ilipopokelewa. Kuna simu iliyoanza dakika chache kabla ya usiku wa manane wa tarehe ya mwisho na kukatwa mwezi unaofuata. Tofauti ikiwa ndani ya asilimia ndogo iliyokubaliwa kwenye mkataba, tunasawazisha na anayedaiwa zaidi analipa baki. Ikizidi, faili linakwenda kwa wakubwa.

Hadi Februari 2013 kiwango cha kutozana huko kilikuwa shilingi 112 kwa dakika. Maana yake, kabla kampuni haijafikiria gharama zake yenyewe, kodi wala faida, tayari inadaiwa shilingi 112 kwa kila dakika inayovuka. Huwezi kuuza kifurushi cha bei poa cha kupiga mitandao yote juu ya msingi huo. Lakini simu za ndani hazilipiwi mtu wa nje, kwa hiyo kampuni kubwa iliweza kushusha bei ya ndani karibu na bure. Kampuni ndogo haikuweza, kwa sababu wateja wake walio wachache walikuwa na watu wachache wa kuwapigia humo ndani. Simu zao nyingi zilitoka, na kila iliyotoka iliondoka na 112 zake. Hivyo mkubwa alizidi kuwa mkubwa hata pale ambapo huduma yake haikuwa bora.

Wananchi wakapata dawa yao: laini mbili, tatu, hata nne mfukoni. Mafundi wa simu wanakumbuka jinsi simu za laini mbili zilivyogombewa. Ndiyo sababu namba ya laini hainisisimui. Sehemu ya ongezeko tulilolishangilia miaka ile lilikuwa ni mtu yuleyule aliyenunua laini nyingine ili kukwepa bei ya kuvuka. Mwishoni mwa 2022 tulikuwa na laini kama milioni 60 kwa nchi ambayo sensa ya mwaka huohuo iliikuta na watu milioni 61.7, watoto wachanga wakiwamo. Hakuna anayeamini kwamba karibu kila mtoto mchanga ana simu.

Machi 2013 TCRA ikakishusha kiwango kutoka 112 hadi shilingi 34.92 kwa mkupuo mmoja. Awamu nyingine ikaanza 2018 kwa shilingi 15.60 na kuteremka mwaka hadi mwaka, mpaka shilingi 2 mwaka 2022. Kampuni zilizokuwa zikipokea simu nyingi zililalamika, na zilikuwa na haki ya kulalamika, maana mapato halisi yalipotea. Ila baada ya hapo ndipo dakika za mitandao yote zilipokuwa kitu cha kawaida kwenye menyu ya vifurushi, na kampuni mpya kama Halotel, iliyoanza Oktoba 2015, ikaweza kuingia bila kuvuja damu kila mteja wake anapopiga simu nje. Ukiniuliza ni uamuzi gani mmoja uliobadilisha bei ya maongezi nchini, nitakutajia huo, wala sitasita. Ule wa Machi 2017 wa kuhama mtandao bila kubadili namba ulikuja na kelele nyingi zaidi na matokeo madogo zaidi. Watu walishazoea laini mbili, hawakuwa na haja ya kuhama.

Ukaja mchezo uleule kwenye fedha. M-Pesa ilianza Tanzania Aprili 2008, wengine wakafuata, na kila kampuni ikajenga ukuta wake. Ukimtumia fedha mtu wa mtandao mwingine, alipata ujumbe wenye namba ya siri, akatafuta wakala wa mtandao uliotuma, akatoa taslimu. Fedha haikuweza kuingia kwenye simu yake na kukaa humo. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zikakubaliana kupokeana, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Safari hii hapakuwa na amri; Benki Kuu iliacha milango wazi, kampuni zikaingia zenyewe baada ya kupiga hesabu kwamba fedha inayobaki kwenye simu ni bora kuliko fedha inayotolewa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufanya hivyo, jambo ambalo sisi wenyewe hatulitaji sana.

Kilichowezesha ni kwamba kila shilingi unayoiona kwenye simu lazima iwe na shilingi mwenza benki, kwenye akaunti ya amana ambayo kampuni hairuhusiwi kuigusa kwa matumizi yake. Kuhamisha kwenda mtandao mwingine, basi, ni kupunguza upande mmoja na kuongeza upande wa pili, kisha benki kusawazisha. Akaunti hizo huzaa riba, na mwaka 2014 Tigo ilianza kuigawa kwa wateja na mawakala. Siku hizi kuna mfumo wa malipo ya papo hapo wa Benki Kuu, TIPS, unaokutanisha mitandao na mabenki mahali pamoja, na kuondoa haja ya kila kampuni kufunga mkataba na kila mwenzake.

Kwa mfumo ulionyumbulika hivyo, tozo ya serikali ya Julai 2021 kwenye miamala ya simu ilikuwa ni kutia mchanga kwenye gia. Ilianzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, juu ya ada ya kampuni, wakati wa kutuma na tena wakati wa kutoa. Watu hawakuandamana, walirudi tu kwenye noti. Malalamiko yalipozidi, serikali ikapunguza kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huohuo, kisha ikaendelea kupunguza na kufuta baadhi mwaka uliofuata. Kampuni zikaripoti mapato ya huduma za fedha kushuka. Mimi nilichojifunza hapo ni jinsi mteja anavyohesabu: mtu asiyejua bei ya dakika anajua barabara makato ya kutoa elfu ishirini.

Kuhusu minara, jambo la kuelewa ni mfumo wa leseni wa mwaka 2005, ambao Tanzania ilitangulia nchi nyingine za Afrika kuutumia. Ulitenganisha anayemiliki miundombinu, anayeendesha mtandao, anayetoa huduma na anayetoa maudhui. Kwenye karatasi unaonekana ni urasimu. Kwenye uwanja ulimruhusu mtu kumiliki mnara bila kuwa na mteja hata mmoja wa simu. Tigo ikauza minara yake kwa Helios Towers mwaka 2010, Vodacom ikafuata mwaka 2013, na mnara mmoja ukaanza kubeba antena za kampuni mbili au tatu. Mahali pasipo na umeme wa gridi, gharama inayouma ni dizeli, betri na mlinzi, na hizo hazipandi sana ukiongeza mpangaji wa pili. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zina hadithi inayofanana: SEACOM ilipofika Dar es Salaam Julai 2009 na EASSy mwaka uliofuata, tuliachana na intaneti ya setilaiti iliyokuwa ghali na nzito, na Mkongo wa Taifa, nyaya za serikali za nchi kavu, ukaanza kuipeleka intaneti mikoani, kampuni zikikodi uwezo badala ya kila moja kuchimba mtaro wake.

Bado kuna kata ambazo hata kwa mnara wa pamoja hesabu haitoki. Hapo ndipo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, hutangaza zabuni: kampuni inayohitaji ruzuku ndogo zaidi hupewa kazi ya kujenga. Mpango mzuri, na umefikisha simu mahali ambapo soko lisingefika. Ila mara nyingi anayeshinda ndiye pekee anayerusha mawimbi pale. Mwalimu aliyehamishiwa huko na laini ya mtandao mwingine atasimama chini ya mnara uliojengwa kwa msaada wa umma, na simu yake haitasoma.

Kiufundi dawa ipo: kumruhusu mteja wa mtandao wowote ashike mnara uliopo, kama simu inavyoshika mtandao wa wenyeji mtu anapovuka mpaka kwenda Kenya. Mitambo inaweza. Kinachobaki ni kiwango, swali lilelile la 2013 likiwa na nguo mpya, tena gumu zaidi, kwa kuwa safari hii linahusu data kuliko maongezi. Simu nyingi sasa zinapigwa kwa WhatsApp na hazipiti kabisa kwenye jedwali langu. Kiwango kikipangwa juu, mtandao wa mgeni utamzimia mteja wake huduma ili usidaiwe. Kikipangwa chini mno, aliyejenga ataona anawabeba washindani kwa dizeli yake, na zabuni ijayo ya kata ya jirani hatapeleka bahasha.