Umeambiwa una ugonjwa mzito: maswali na majibu kuhusu kupata msaada na kupanga matunzo

Maswali haya huulizwa na wagonjwa na ndugu zao katika wiki za mwanzo, majibu ya vipimo yanapokuja na neno ambalo hakuna aliyetaka kulisikia: saratani, figo kushindwa kufanya kazi, moyo kushindwa kusukuma damu, ugonjwa wa mishipa ya fahamu usio na tiba ya kuuondoa. Karibu kila jibu hapa chini linasisitiza jambo moja: usisubiri hali iwe mbaya ndipo uombe msaada. Uombe mwanzoni, ukiwa bado na nguvu za kuuchagua.

Nimetoka kwa daktari, na sikumbuki hata nusu ya aliyoniambia. Ni kawaida?

Ni kawaida kabisa. Tafiti zimeonyesha kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya maelezo ya kitabibu husahaulika mara tu mgonjwa anapotoka chumbani, na kadiri hofu inavyokuwa kubwa ndivyo yanavyopotea mengi zaidi. Kwa hiyo omba miadi nyingine, hata ya dakika chache, kwa ajili ya maelezo peke yake. Nenda na mtu mmoja unayemwamini, kazi yake iwe kusikiliza na kuandika. Ukipenda kurekodi kwa simu, omba ruhusa kwanza. Madaktari wengi hukubali.

Nunua daftari moja litakaloambatana nawe kila uendako kutibiwa. Ukurasa wa kwanza uwe na jina kamili la ugonjwa na hatua uliyofikia, kama lilivyoandikwa kwenye majibu; dawa zote unazotumia na dozi zake, pamoja na za kienyeji na virutubisho; dawa zinazokudhuru; na namba ya simu ya kupiga usiku. Kurasa zinazofuata ziwe za maswali, na swali linaloachwa na wengi liwe la kwanza: "Matibabu haya yanalenga kuniponya, kunirefushia maisha, au kunipunguzia dalili?" Majibu matatu hayo yanaongoza kwenye mipango mitatu tofauti kabisa. Nimeona familia zikiuza mali kwa matibabu zilizoamini yanaponya, kumbe aliyetibu hakuwahi kusema hivyo, nao hawakuwahi kuuliza.

Kabla ya kuondoka, mrudie daktari ulivyoelewa kwa maneno yako mwenyewe. Palipopinda atapanyoosha papo hapo.

Lazima niamue leo?

Mara nyingi hapana. Muulize daktari, "Nikichukua muda kufikiri, ni siku ngapi zisizo na madhara?" Yapo magonjwa yasiyosubiri, kama saratani kali za damu, na hapo atakuambia wazi. Kwa mengine mengi una siku kadhaa, pengine wiki, za kutulia na hata kupata maoni ya daktari wa pili. Kutafuta maoni ya pili si kumdharau daktari wako. Omba nakala za majibu ya maabara, ripoti ya kipande cha nyama ya mwili kilichokatwa na kupimwa na picha za vipimo, ili daktari wa pili asianze upya.

Daktari amenipa rufaa ya tiba shufaa. Ina maana amekata tamaa nami?

Hapana, na naomba swali hili nilijibu kwa kirefu, maana woga wa neno hili unawanyima watu nafuu ambayo wangeipata.

Tiba shufaa ni matunzo ya kupunguza maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi, kukosa usingizi, hofu na mizigo mingine inayoletwa na ugonjwa mzito, kwa mgonjwa na kwa wanaomuuguza. Hutolewa sambamba na dawa za saratani, usafishaji wa damu au matibabu yoyote yanayopambana na ugonjwa wenyewe. Mgonjwa wa miaka 30 anayetarajiwa kupona anaweza kuihitaji sawa na mzee aliye katika miezi yake ya mwisho. Matunzo ya siku za mwisho ni sehemu yake moja tu.

Msingi wa huduma hii kama tunavyoijua leo uliwekwa na Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha daktari, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice mjini London. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa hayaishii mwilini: yapo ya akili, ya mahusiano na ya roho, na ukitibu moja ukayaacha mengine, mgonjwa hajapata nafuu.

Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofanyika Boston, Marekani, kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Nusu walipewa matibabu ya kawaida peke yake, wengine wakaongezewa tiba shufaa tangu mwanzo. Walioongezewa walikuwa na hali bora ya maisha, na waliopata sonona, yaani huzuni nzito ya kudumu, walikuwa wachache kuliko wenzao. Tena waliishi zaidi: nusu yao walikuwa bado hai ilipofika miezi 11.6, ilhali kwa wenzao ni miezi 8.9. Utafiti mmoja wa ugonjwa mmoja hauahidi mtu yeyote miezi ya ziada, lakini unatosha kuondoa dhana kwamba rufaa hii inaharakisha kifo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 huihitaji kila mwaka, na takribani asilimia 14 tu ndio wanaoipata. Kwa hiyo kama hujapewa rufaa, iulizie mwenyewe.

Nimeandikiwa mofini. Naogopa kuwa mraibu.

Mofini inayotumika kwa maumivu makali, kwa dozi aliyoipanga daktari na kwa ufuatiliaji wake, mara chache humfanya mgonjwa kuwa mraibu. Shida ya kawaida zaidi ni nyingine: mgonjwa hujikaza mpaka maumivu yamzidi ndipo anywe. Mofini ya maji ya kawaida hufanya kazi kwa saa chache, ndiyo maana hupangwa kila baada ya saa 4. Ukiruka dozi, maumivu yanarudi na kuyatuliza upya ni kazi kubwa zaidi. Usingizi wa siku za mwanzo hupungua. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile. Usiongeze dozi kwa uamuzi wako, usichanganye na pombe, ifungie mbali na watoto. Mgonjwa akilala usingizi asioamshika au pumzi zikawa chache sana, hiyo ni dharura.

Baba ana saratani, na kaka zangu hawataki aambiwe. Tufanyeje?

Najua mnafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini ugonjwa ni wa baba. Watu wazima wengi hugundua wenyewe, kwa dawa wanazopewa na kwa jinsi mazungumzo yanavyokatika wakiingia chumbani, kisha nao hunyamaza ili kuwalinda ninyi. Mnabaki nyumba moja, kila mtu na siri ileile, na yeye anakosa nafasi ya kuuliza, kupanga na kuaga.

Njia ya kati ipo: muulizeni yeye anataka kujua kiasi gani. "Baba, majibu yakitoka, ungependa daktari akueleze wewe mwenyewe, au azungumze na mmoja wetu?" Wapo watakaosema, "Zungumzeni na mwanangu mkubwa," na huo ni uamuzi wake wa kuheshimiwa. Wengi watasema, "Niambieni." Akisema hivyo, daktari amweleze kidogo kidogo, mmoja wenu akiwa pembeni.

Na watoto wadogo?

Waambiwe, kwa lugha ya umri wao. Tajeni ugonjwa kwa jina lake. Mtoto asiyeambiwa hujitungia sababu, na mara nyingi sababu hiyo ni yeye mwenyewe: alikuwa mtundu, alimkasirisha mama. Mwambieni waziwazi kwamba hakusababisha, kwamba saratani haiambukizi kwa kukumbatiana, na nani atakayemtunza yeye wakati mama yuko hospitali.

Kila mtu ananiambia "ukihitaji kitu, sema", nami sijui niseme nini.

Kwa sababu umeachiwa kazi ya kufikiri wakati ambao huna nguvu ya kufikiri. Mteue mtu mmoja, mwenye mpangilio na asiye na haya ya kuomba, awe msimamizi. Andikeni pamoja kazi halisi: kumpeleka mgonjwa kliniki Jumanne na kumrudisha, kuchukua dawa zinazoisha tarehe fulani, kukaa naye Jumamosi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi ili anayemuuguza alale, kufua mashuka, kujibu ujumbe wa simu wa ukoo mzima. Mtu akiuliza, msimamizi amsomee orodha, achague. Watu wengi hupwaya si kwa kukosa moyo, bali kwa kutojua wafanye nini.

Hospitalini muulizie afisa ustawi wa jamii. Huyu ndiye anayejua taratibu za msamaha wa gharama, bima, likizo ya ugonjwa na vikundi vya wagonjwa wenye ugonjwa kama wako. Mtafute kabla deni halijawa kubwa. Katika vikundi vya wagonjwa utapata ambayo hata daktari hana, yaani mtu aliyepita njia hiyohiyo. Ila ukiona kikundi kinauza dawa au kinakuambia uache matibabu, ondoka.

Mimi ndiye ninayemuuguza, na nimechoka. Naona aibu kusema.

Sema, na umwambie muuguzi au daktari wa mgonjwa moja kwa moja, maana afya yako ni sehemu ya matunzo yake. Omba ufundishwe kazi zinazoumiza mwili, kama kumgeuza kitandani bila kuvunja mgongo. Weka saa zisizo za zamu yako kila wiki, mtu mwingine ashike. Hasira inayokupanda saa nane za usiku anapokuita kwa mara ya tano haikufanyi mtu mbaya.

Nitajuaje kama huzuni imezidi?

Kulia, kukosa usingizi na kutotaka watu kwa siku za mwanzo ni jambo la kutarajiwa. Lakini ukiona huzuni, au kutofurahia chochote, imedumu karibu kila siku kwa wiki 2, mwambie daktari. Sonona inatibika hata ndani ya ugonjwa mkubwa. Mawazo ya kujidhuru hayasubiri hizo wiki 2: mwambie mtu leo, usikae peke yako.

Ni dalili zipi zisisubiri miadi?

Ziandikwe na daktari wako kulingana na ugonjwa wako. Baadhi ni hizi: homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa anayetumia dawa kali za saratani; kwa mwenye saratani, maumivu mapya ya mgongo yanayoambatana na miguu kulegea, ganzi, au kushindwa kuzuia haja; kukosa pumzi ghafla; kuchanganyikiwa ghafla; kutapika kila kitu pamoja na dawa.

Kupanga mambo ya mbele si kujitakia mabaya?

Nimelisikia hili mara nyingi, na huwa nauliza: siku ukiwa huwezi kuongea, nani ataulizwa? Asipokuwepo uliyemteua, wataamua waliopo, kila mmoja kwa hofu yake, na ndugu hugombana mlangoni mwa wodi.

Anza na mtu. Si lazima awe mkubwa wa familia. Awe anayekujua, anayeweza kusimamia ulichokitaka hata yeye akiwa anataka kingine, na anayepatikana kwa simu. Kisha mwambie mambo kwa uwazi. Kipi kinayapa maisha yako thamani: kutambua watu wako, kuabudu, kula mwenyewe? Ungependa kutunziwa nyumbani au hospitali? Moyo ukisimama, ungetaka wahudumu wajaribu kuushtua? Ungekubali mashine ya kupumulia, na kwa muda gani? Muulize daktari, katika hali yako, hatua hizo zingekusaidia kweli au zingeongeza mateso. Jibu hutofautiana sana kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Sheria za hati za kuandika matakwa haya na kumteua mtu huyo zinatofautiana nchi na nchi, kwa hiyo uliza hospitalini au kwa mwanasheria kinachotambulika unapoishi. Wosia wa mali ni hati nyingine. Usidhani hati moja inatosha kwa yote mawili.

Nikishaandika, nimejifunga?

Hapana. Maadamu una akili zako timamu, neno lako la leo linashinda karatasi ya jana. Upitie mpango kila matibabu yanapobadilika, ukilazwa, au ukihisi tu kwamba mawazo yako yamegeuka. Weka tarehe juu, chana nakala za zamani, na umpe mpya uliyemteua pamoja na daktari wako. Nakala nyingine ikae kwenye daftari lile la kliniki, isifungiwe kabatini ambako ufunguo unao wewe peke yako.