Nauli ya saa nane usiku

Mimi ni mkunga, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya katika zahanati za vijijini. Ukiniuliza nini kinawaua kina mama wetu, nitakutajia yale yale tuliyofundishwa chuoni: kutokwa na damu, kifafa cha mimba, maambukizi. Ila usiku, nikiwa chumba cha kujifungulia, swali langu la kwanza huwa ni hili: nani ana gari?

Chukua mfano huu. Mama amejifungua. Nimemchoma oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, uniti 10 pajani ndani ya dakika ya kwanza, kondo limetoka zima, mtoto analia. Damu bado inakuja. Nakanda tumbo, natundika dripu, nakagua kama amechanika. Kitenge alicholalia kimelowa, natandika cha pili, nacho kinalowa. Sasa anahitaji kuongezewa damu, pengine na upasuaji, na zahanati haina vyote viwili. Mama anayevuja hivyo asipotibiwa anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Kwa mama huyu, gari ni tiba sawa na ile dripu.

Zamani hapo ndipo mume alipotoka kwenda kugonga milango. Mwenye gari anataka hela ya mafuta kwanza, ndugu wanachangishana. Nimeshuhudia mbuzi akiuzwa saa nane usiku kwa bei ya kutupa, na muda wote huo nimekandamiza tumbo la mama kwa mikono miwili, nasikiliza kama kuna muungurumo barabarani.

Siku hizi kuna m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa kina mama hapa Tanzania. Ulianzia Sengerema na Shinyanga, na mwaka 2022 Serikali ikaanza kuusambaza nchi nzima. Napiga 115, bure. Anayepokea ananiuliza hali ya mama, kisha anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Likikosekana, anampigia dereva wa jamii, mwananchi aliyesajiliwa na gari lake mwenyewe. Hospitali tunakompeleka inaarifiwa mapema. Dereva akishamfikisha mama analipwa kwa simu, na familia haitoi hata shilingi.

Kwangu mimi, hayo malipo ndiyo siri yote. Magari vijijini yalikuwepo: la kubeba pamba, la mwenye duka. Aliyekosekana ni mtu wa kumhakikishia mwenye gari kwamba mafuta yake yatarudi.

Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Siwezi kuipa namba moja ya simu sifa yote hiyo. Vituo vya afya vinavyofanya upasuaji viliongezeka pia, tena sana.

Pagumu pamebaki nyumbani. Uchungu umeanza, mume yuko machimboni, mkwe anasema tusubiri kupambazuke. Kwa hiyo kliniki huwa nauliza: "Mama, baba asipokuwepo, nani ataamua?" Wengi hunyamaza. Namwomba hudhurio lijalo aje na mkwe wake, tuongee watatu. Halafu naandika 115 kwa kalamu ya wino mzito juu ya jalada la kadi, tarakimu kubwa kubwa, maana usiku huo atakayeisoma pengine ni mtoto wa darasa la tano aliyeamshwa apige simu.