Sindano ya Yai Haifukuzi Joto la Oktoba

Kila Oktoba ikikaribia hapa Lubumbashi, swali ni lile lile: "Dokta, tukidunga vitamini ndani ya mayai, kuku hawatasikia tena joto?" Watalisikia, mama. Kuku hana tezi za jasho. Hupoza mwili kwa kuhema, na akihema mno damu yake inapoteza kaboni dioksidi na kukosa uwiano wa asidi. Hakuna sindano inayoliondoa hilo.

Inachotoa ni mwanzo mzuri. Kifaranga huanguliwa akiwa na akiba kubwa zaidi ya glikojeni (sukari ya akiba mwilini) na utumbo uliokwisha kuanza kukomaa. Vitamini C au E huzilinda seli zake dhidi ya uharibifu unaoletwa na joto. Msaada huu ni wa kweli, na ndiyo maana inaniuma ukivurugwa.

Unavurugwa kwanza na siku. Kati ya siku 21 za kuatamia, sisi tunadunga ya 17 au ya 18, kwa sababu ndipo kiinitete, yaani kifaranga anayekua ndani ya yai, anapomeza majimaji ya amnioni yanayomzunguka. Chakula, yaani vitamini au sukari, kikiwekwa humo, atakinywa mwenyewe na kitapita utumboni. Sindano huingia upande mnene wa yai, ikavuka chemba ya hewa hadi kwenye amnioni. Ikiishia kwenye chemba, hujalisha kitu. Ikizama mno, umemchoma kiinitete. Tena usikoleze! Nusu mililita hadi mililita moja inatosha, na mchanganyiko mzito wa sukari humnyonya maji badala ya kumlisha. Usafi sina haja ya kuueleza.

Kuna wanaonijibu kwa habari ya leusini, asidi ya amino inayojenga protini, kwamba yenyewe hudungwa mapema zaidi. Ni kweli, watafiti wa Japani waliidunga siku ya 7, lakini hiyo ni njia nyingine, ya maabara, na ustahimilivu wa joto ulionekana kwa vifaranga madume, majike hapana. Hata hii yetu matokeo yake yanapishana kati ya kundi na kundi, na faida ya siku za kwanza mara nyingi imefifia kuku wa nyama anapofikia kuchinjwa. Kuna hata majaribio ambayo utotoaji ulishuka.

Kwa hiyo mwenye kuku mia mbili chini ya bati, fedha ya sindano nunulia kwanza vinyweo zaidi. Punguza msongamano, fungua kuta upande wa upepo, na saa za jua kali ondoa chakula, ukirudishe jioni.