Kifua kinapochachamaa: yanayosemwa mwaloni na yaliyo kweli

Mama yangu amebanika sangara kwenye mwalo wa Igombe, pale wavuvi wanaposhusha samaki ziwani Mwanza, kwa zaidi ya miaka ishirini. Chanja ya waya, kuni chini yake, na yeye ameinama ndani ya moshi akigeuza samaki mmoja mmoja kwa mkono, macho ameyafinya. Sigara hajawahi kuitia mdomoni. Leo ana ugonjwa sugu wa mapafu, ule ambao njia za hewa zimekuwa nyembamba na hazirudi tena zilivyokuwa, na mara mbili tatu kwa mwaka kifua chake huchachamaa. Kwa kumuuguza nyumbani nimesikia kila ushauri unaotolewa huku kwetu. Mwingi hutolewa kwa upendo kabisa. Baadhi nusura utuondolee mama.

"Huo ni ugonjwa wa wavuta sigara."

Sigara ni chanzo kikubwa, lakini moshi wa kuni na mkaa nao unatosha. Vumbi la migodini linatosha. Kifua kikuu kilichokwisha kutibiwa kinaweza kuacha makovu yanayoziba hewa. Asiyevuta sigara huambiwa ana pumu, au ni uzee, na miaka inapita. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, pima kwanza kifua kikuu, kwani kipimo na dawa zake ni bure vituo vya serikali. Kama si hicho, omba kipimo cha kupuliza hewa kwenye mashine, spairometri.

"Kifua hubana ghafla, huwezi kujua mapema."

Hapa ndipo tulipokosea kwa muda mrefu. Kuna siku kweli hubana ndani ya saa chache, lakini mara nyingi mwili husema siku mbili tatu kabla. Tatizo ni kwamba hatujui hali ya kawaida ya mgonjwa wetu ikoje, kwa hiyo hatuoni inapobadilika. Mambo ya kuangalia ni matatu: anahema kuliko kawaida yake, makohozi yameongezeka, makohozi yamebadilika rangi. Mama siku zake nzuri hutoa makohozi meupe, kidogo, asubuhi tu. Anatoka chumbani hadi bombani uani bila kusimama. Siku akisimama katikati na kushika kamba ya kuanikia nguo, tumeshajua. Yeye mwenyewe atasema, "Ni vumbi tu mwanangu, acha." Zamani nilikuwa naacha.

"Pampu inazoesha. Ukiianza huiachi, na ni ya wagonjwa wa mwisho."

Nitakaa hapa kidogo, maana dhana hii imewaumiza wengi ninaowafahamu. Pampu ya salbutamoli, ile ya kuvuta dawa kwa mdomo, hailevyi wala haifungi mtu. Hulegeza misuli inayobana njia za hewa, huanza kufanya kazi ndani ya dakika chache, na kiasi chake ni kidogo kuliko vidonge vya dawa hiyohiyo kwa sababu kinakwenda moja kwa moja panapotakiwa. Vidonge huchelewa, na hutetemesha mikono na kuupeleka moyo mbio zaidi. Ukiona unahitaji pampu mara nyingi kuliko zamani, ujue ugonjwa umepamba moto na mpango wa dawa unahitaji kuangaliwa upya.

Wengi husema pampu haiwasaidii kumbe dawa inaishia kooni. Mama alikuwa anaibonyeza kama anavyopulizia dawa ya mbu. Muuguzi mmoja akamfundisha: itikise, toa pumzi nje taratibu, iweke mdomoni na kuibana kwa midomo, bonyeza mara moja huku ukivuta ndani polepole, kisha zuia pumzi ukihesabu hadi kumi. Pumzika kidogo ndipo urudie. Usibonyeze mara mbili kwa mpigo.

Aliyebanwa sana hawezi kuyafanya hayo yote, na ndiyo maana tuna chupa. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa kitakoni tundu linalolingana kabisa na mdomo wa pampu (sisi tulitumia waya uliopashwa moto), chomeka pampu, ziba pembeni kwa gundi au utepe hewa isivuje. Mgonjwa anaweka mdomo pale tunaponywea maji. Bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi humohumo mara nne au tano, kisha bonyeza tena. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni na iachwe ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa, dawa itanata kwenye kuta zake. Madaktari wa Cape Town walilipima jambo hili kwa watoto wenye pumu na kuchapisha matokeo mwaka 1999: chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na kifaa cha dukani.

Na hesabu mibonyezo. Pampu nyingi zina dozi 200, na kuitikisa hakukuambii zimebaki ngapi. Sisi tunachora vijiti kwa penseli kwenye kalenda.

"Kifua kikibana, anza na amoksilini."

Mara nyingi kifua huchachamaa kwa virusi vya mafua au kwa moshi na vumbi, na antibiotiki kama amoksilini haziui virusi wala haziondoi moshi. Zinahitajika hasa makohozi yanapokuwa mengi na kugeuka njano iliyokolea au kijani, huku pumzi ikizidi kukata. Nusu dozi ya dukani, vidonge sita ukapata nafuu ukaacha, hufundisha vijidudu kuishi na dawa.

Vidonge vidogo vya predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, vina hatari ya namna yake, kwa kuwa vinafanya kazi vizuri sana. Mtu akipata nafuu anajiwekea kimoja kila siku, miezi kwa miezi. Mifupa inadhoofika, sukari inapanda, mwili unashindwa kupambana na maambukizi. Kiasi kinachopendekezwa kifua kinapochachamaa ni miligramu 40 kwa siku, kwa siku 5, basi. Utafiti wa Uswisi uliotoka mwaka 2013 ulionyesha siku 5 hazipungukiwi kitu mbele ya siku 14. Daktari wa mama alimkabidhi dozi moja aiweke kabatini na kumwandikia lini aianze. Akiianza, tunapiga simu kliniki siku hiyohiyo. Mwenye kisukari lazima aseme mapema. Naomba usichukue maneno yangu haya ukaenda nayo dukani. Nenda nayo kwa daktari wako, akuandikie ya kwako.

"Mfunike, funga madirisha, mfukize."

Nyungu ya majani haipanui njia za hewa zilizobana. Maji yakimwagika yanaunguza, na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linatoa sumu isiyo na harufu. Jirani yetu, mama wa watu aliyetupenda, aliingiza jiko chumbani usiku wa Julai, baridi ya ziwani ikiwa kali. Kabla ya alfajiri mama alikuwa hawezi kutaja jina langu lote kwa pumzi moja.

Fanya kinyume chake. Toa jiko nje, fungua dirisha. Mkalishe, asilale chali. Ainame mbele, viwiko juu ya meza au magotini, mabega yalegee. Avute hewa kwa pua akihesabu moja, mbili, aitoe kwa midomo iliyochongoka, kama anapoza uji, akihesabu hadi nne. Halafu chukua kipepeo kilekile cha kupulizia jiko, umpepee usoni, puani na mashavuni. Njia za hewa hazifunguki kwa kipepeo, ila hisia ya kukosa hewa hupungua, na hofu inaposhuka pumzi nazo hutulia.

"Asinyanyue hata kikombe."

Siku za kubanwa, apumzike. Zikipita, atembee kila siku kwa kadiri anavyoweza, kwa sababu misuli iliyolala hudai hewa nyingi zaidi.

"Ukiwekewa oksijeni, hurudi."

Watu huipata wakiwa wamechelewa, ndiyo maana inalaumiwa. Wenye ugonjwa huu hupewa kwa kipimo, kiwango cha damuni kikae kati ya asilimia 88 na 92, maana ikizidi nayo hudhuru. Usiikodi mtaani ukajiwekea.

Mpango wa mama umeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati. Juu imeandikwa hali yake ya kawaida. Katikati, dawa za kuongeza na siku zake. Chini, kwa kalamu nyekundu, mambo ya kuondoka nayo mbio: hamalizi sentensi, midomo au ulimi umegeuka rangi, amesinzia kusiko kwa kawaida au anachanganya maneno, kifua kinauma, pampu haimpi nafuu. Pembeni kuna namba ya kijana wa bajaji aliyekubali kuamshwa saa yoyote. Mdogo wangu anaishi kisiwani Ukerewe, na kwenye karatasi ya mkwewe mstari mwekundu wameuweka juu zaidi, kwa sababu usiku hakuna meli. Mkwe huyo huondoka dozi ya kwanza inaposhindwa, jua likiwa bado lipo.