Kwa Nini Kima Dume Humpanda Dume Mwenzake?

Hoja ya kuyapinga mapenzi ya jinsia moja kwa kusema "hata wanyama hawafanyi hivyo" imezoeleka barazani na hata mimbarini, lakini waliokaa miaka mingi wakiwatazama wanyama wameona mengine. Mwaka 2023 watafiti kutoka Uhispania walipitia kumbukumbu za kisayansi wakahesabu aina 261 za mamalia ambao dume na dume, au jike na jike, wameonekana wakipandana au kufanyiana vitendo vya kujamiiana, na jamii ya nyani imo kwa wingi. Ikiwa mageuko, yaani kubadilika kwa viumbe kizazi hadi kizazi, huzipendelea tabia zinazoongeza uzao, basi tabia isiyozaa mtoto imedumuje?

Jibu linaloniridhisha zaidi limetoka Cayo Santiago, kisiwa kidogo cha Puerto Rico ambako kima aina ya rhesus waliletwa kutoka India mwaka 1938 wakaachwa waishi huru, na nasaba zao zimeandikwa kwa vizazi vingi. Watafiti wa Chuo cha Imperial, London, waliwafuatilia madume 236 kwa miaka mitatu. Asilimia 72 walishiriki kupandana na dume mwenzao, ilhali waliopandana na jike walikuwa asilimia 46. Wengi walifanya yote mawili, na waliopandana na madume hawakuonekana kupungukiwa watoto. Jambo kubwa ni kwamba madume waliopandana walielekea zaidi kuteteana ugomvi unapozuka, na kwa kima dume kuwa na wa kukusimamia vitani si jambo dogo. Nasaba zile ziliwezesha pia kukadiria kwamba asilimia 6.4 ya tofauti baina ya dume na dume katika tabia hii inatokana na kurithi. Ni kiasi kidogo, lakini tabia inayorithiwa hata kidogo inaweza kuchujwa au kuendelezwa na mageuko.

Bonobo nao, ndugu wa sokwe wanaoishi porini katika nchi moja tu duniani, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kusini mwa mto Kongo, wanatuonyesha upande wa majike. Kundi linapofika kwenye mti uliojaa matunda, pengine majike wawili hukumbatiana ana kwa ana, wakasuguana sehemu za siri zilizovimba kwa sekunde chache, kisha wakakaa kula karibu karibu. Ikumbukwe kwamba jike wa bonobo huhama kundi alikozaliwa anapobalehe, akaingia ugenini bila mama wala dada, kwa hiyo urafiki hana budi kuutengeneza mwenyewe. Huko LuiKotale, kituo cha utafiti katika nchi hiyo, watafiti walipima mkojo wa majike wakakuta kwamba oksitosini, homoni inayomfungamanisha mama na mwanawe, ilikuwa juu zaidi baada ya jike kusuguana na mwenzake kuliko baada ya kupandana na dume. Ushirika huo wa majike ndio unaowawezesha kumkabili dume mkorofi, ingawa yeye ana umbo kubwa kuliko wao.

Kwa binadamu swali ni gumu zaidi, kwa kuwa wapo watu ambao mvuto wao wa maisha yote ni kwa jinsia yao pekee, na urafiki wa kima hautoshi kulieleza hilo. Utafiti wa mwaka 2019 uliohusisha karibu watu nusu milioni haukukuta jeni moja inayohusika, bali jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo sana. Imeonekana pia, tangu miaka ya 1990, kwamba kila kaka mkubwa wa mama mmoja huongeza kwa takriban theluthi uwezekano wa mdogo wake wa kiume kuvutiwa na wanaume, na maelezo yanayopewa uzito ni kwamba kinga ya mwili wa mama huzidi kuitambua protini ya kiume kwa kila mimba ya mtoto wa kiume, na huenda ikaathiri ubongo wa mtoto unaokua tumboni. Ikiwa ndivyo, mvuto huo haukuchaguliwa na mageuko kwa faida yake wenyewe, bali umefuatana na kinga inayomlinda mama.